Kabla Hujakiita Kifafa: Mwongozo kwa Ukoo Wenye Hitilafu ya Umeme wa Moyo

Mtoto anayeanguka mstarini shuleni, jua kali na hajanywa chai, mara nyingi amezimia tu. Mlaze, mwinue miguu, mpe maji akizinduka. Mtoto anayeanguka katikati ya mbio, au akiwa ndani ya maji, au aliyegutushwa usingizini na kengele, ni habari nyingine kabisa. Huyo anatakiwa apimwe umeme wa moyo kabla hajaanguka tena, kwa sababu safari ijayo anaweza asiamke. Mwongozo huu unamhusu yeye, na unawahusu pia ndugu zake wote, maana maradhi tunayoyazungumza hapa hurithiwa.

Moyo hujiendesha kwa umeme wake wenyewe. Cheche huanzia kwenye kifundo kidogo kilicho juu upande wa kulia, hupita kwenye kituo cha katikati kinachoichelewesha kidogo, kisha husambazwa na nyuzi nyembamba hadi kwenye misuli ya chini. Kituo hicho cha katikati kilielezwa na Mjapani Sunao Tawara mwaka 1906, na kifundo cha juu kikagunduliwa mwaka uliofuata na Arthur Keith na Martin Flack huko Uingereza. Kila seli ya moyo ina vijilango vya kupitishia chumvi za sodiamu, potasiamu na kalisi, na kupita kwa chumvi hizo ndiko kunakozaa umeme. Jeni inayounda kijilango ikiwa na kasoro, kijilango huchelewa kufunga au hakifunguki sawasawa, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla hadi moyo ukabaki unatetemeka bila kusukuma damu.

Wakati huohuo misuli, vali na mishipa ya moyo huo inaweza kuwa mizima. Nyumba yenye mabomba mazuri inaweza kuwa na nyaya mbovu, na fundi bomba hatazigundua. Kwa hiyo ukiambiwa kipimo cha eko kimetoka safi, shukuru, lakini usiondoke. Eko hutazama umbo la moyo. Umeme hupimwa kwa ECG.

Kifafa kisichosikia dawa

Kosa linalofanyika mara nyingi zaidi ni kuuita ugonjwa huu kifafa. Si kwamba wauguzi wetu ni wazembe. Damu isipofika kwenye ubongo kwa sekunde kadhaa, mtu huanguka, hukakamaa, hurusharusha mikono na pengine hujikojolea. Anayetazama anaona kifafa. Mgonjwa anaandikiwa fenobabitoni, anaimeza miaka, na anaendelea kuanguka. Wengine hupelekwa kwa mganga, jini linapandishwa kichwani, kuku anachinjwa, na kwa kuwa matukio yenyewe hutokea mara chache kwa mwaka, kila aliyetibu hupata sifa kwa muda.

Tofauti zipo, na aliyeshuhudia ndiye anayezijua kuliko daktari. Anayezirai kwa sababu ya moyo huanguka kwa ghafla, mara nyingi bila dalili ya kumtahadharisha. Hupauka: kwa ngozi nyeusi tazama midomo, viganja na ndani ya kope. Kutikisika kwake ni kwa muda mfupi, na akizinduka hujitambua upesi, anakuuliza amefikaje chini. Mwenye kifafa kikubwa mara nyingi hujing'ata ulimi ubavuni, na baada ya tukio hubaki amechanganyikiwa au amelala kwa muda mrefu. Hakuna kati ya alama hizi iliyo hakika peke yake. Muhimu kuliko zote ni swali hili: alikuwa anafanya nini dakika ile? Kukimbia, kuogelea, kugombana, kulia kwa hasira, kushtuliwa na mlio, au kulala usiku wa manane na mkewe akasikia anakoroma vibaya na kukata pumzi: andika jibu hilo kwenye karatasi uende nalo hospitali. Siku hizi kila mtu ana simu. Mmoja akihudumia, mwingine arekodi.

Kwa maoni yangu, hakuna mtu anayepaswa kuanzishiwa dawa za kifafa bila kufanyiwa ECG angalau mara moja. Kipimo hicho huchukua dakika chache, hakiumizi, na ni cha bei nafuu kuliko karibu kila kingine utakachoandikiwa.

Ni maradhi gani haya

Unaoongoza ni ugonjwa wa QT ndefu. QT ni kipande cha mchoro wa ECG kinachoonyesha muda ambao misuli ya chini huchukua kuchajiwa na kurudi katika utulivu. Muda huo ukirefuka, pigo linalofuata linaweza kuingia wakati mbaya. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 2,000 amezaliwa nao, na wengi hawajui. Aina tatu ndizo zinazoonekana zaidi, na kila moja ina wakati wake wa kushambulia. Ya kwanza huchokozwa na mazoezi, hasa kuogelea. Ya pili huchokozwa na mshtuko na mlio wa ghafla, kama simu au kengele ya saa kumgutusha aliyelala. Ya tatu humjia mtu akiwa amepumzika au usingizini.

Ugonjwa wa Brugada ulielezwa mwaka 1992 na ndugu wawili kutoka Hispania, Pedro na Josep Brugada. Huua zaidi wanaume, hasa usiku, na huchokozwa na homa. Umeenea sana Asia ya Kusini-Mashariki. Wafilipino walikuwa na jina lao la kifo hicho cha usingizini, bangungot, muda mrefu kabla ya madaktari kukifikia. Ugonjwa wa tatu, unaofupishwa CPVT, ni mjanja kuliko yote: mgonjwa akipimwa ECG amelala, mchoro hutoka wa kawaida kabisa. Hujitokeza akikimbia au akipandwa na hasira, na wengi wa wanaoupata ni watoto. Daktari huutafuta kwa kumkimbiza mgonjwa kwenye mashine huku amefungwa waya za ECG.

Kuna pia koo ambamo nyuzi zenyewe huchakaa polepole hadi umeme ukakatika njiani, na mapigo yakashuka. Ukoo mmoja wa Afrika Kusini unaojulikana sana kwa tatizo hili umefuatiliwa hadi kwa babu mmoja aliyehamia huko kutoka Ureno mwishoni mwa karne ya 17. Hawa husaidiwa na betri ya moyo. Ila kama kwenu wawili au watatu wamewekewa betri kabla ya miaka 50, na wengine moyo wao umetanuka, mwambie daktari wazi: ipo jeni iitwayo LMNA ambayo huleta yote mawili, na mwenye nayo huenda akahitaji kifaa cha kushtua moyo badala ya betri ya kawaida.

Anza na ukoo

Kwa sehemu kubwa maradhi haya hurithiwa kwa mzazi mmoja tu kuwa na kasoro, na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Baba anaweza kuwa nayo na afike miaka 80 bila kuzirai hata siku moja, huku binti yake akianguka akiwa darasa la tano. Kwa hiyo acheni kumwelekezea kidole mke aliyeolewa kwamba ndiye aliyeleta damu mbaya. Inaweza kutoka upande wowote, na mara nyingine huanza upya kwa mtoto mwenyewe.

Aina moja huhitaji kasoro itoke kwa wazazi wote wawili. Mwaka 1957 madaktari Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen walieleza familia moja ya Norwe yenye watoto wanne waliozaliwa viziwi na wakawa wanazirai. Watatu kati yao walifariki ghafla wakiwa wadogo. Hapa kwetu habari hii ina uzito kwa jamii zinazooana binamu, mtoto wa ami na mtoto wa ami, kama ilivyo desturi kwa baadhi ya familia za mwambao na za Oman. Sisemi watu waache mila zao. Nasema mtoto aliyezaliwa kiziwi apimwe ECG, na kiziwi anayezirai apimwe leo, asingoje kesho.

Ukitaka kujua hali ya ukoo wako, usiulize "nani ana ugonjwa wa moyo?" Utajibiwa hakuna. Kaa na bibi, shangazi au yeyote anayeshika kumbukumbu za familia, uulize habari za waliokufa. Nani alizama ilhali alijua kuogelea? Nani alilala mzima akakutwa amekufa? Nani aliacha barabara na gari peke yake, bila mvua wala ulevi? Mtoto gani mchanga alikutwa ametulia kitandani? Nani alisemekana amerogwa au ametupiwa jini, akafa siku hiyohiyo? Nani alikuwa na kifafa? Chora vizazi vitatu, upande wa baba na upande wa mama, andika umri wa kila aliyekufa na alichokuwa akifanya. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima.

Msiba ukiwa wa karibu, kuna jambo jingine gumu kulisema. Kijana akifa ghafla bila sababu, omba mwili uchunguzwe, na kama ukoo hautaki upasuaji au maziko yanafanyika siku ileile, omba angalau damu ichukuliwe na kuhifadhiwa kwenye baridi kwa ajili ya kipimo cha jeni baadaye. Hilo nalo lisipowezekana, bado njia ipo: pimeni waliobaki. Baba, mama, ndugu wa tumbo moja na watoto wa marehemu wote wafanyiwe ECG. Familia nyingi zimepata jibu kwa njia hiyo.

Hospitalini

Omba ECG kamili, ile ya vibandiko kifuani, mikononi na miguuni. Mashine huandika tarakimu za QT juu ya karatasi, lakini mashine hukosea, kwa hiyo mwombe daktari aipime kwa mkono. Tarakimu ya kuangalia ni ile iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo, inayoandikwa QTc. Kwa mwanamume ikizidi milisekunde 450, na kwa mwanamke 460, inastahili kuangaliwa tena. Ikifika 480 kwenye vipimo zaidi ya kimoja, na hakuna dawa wala upungufu wa chumvi unaoielezea, ugonjwa upo. Ikifika 500, hatari ni kubwa, na si mgonjwa wa kurudishwa nyumbani na miadi ya miezi mitatu.

Mchoro mmoja wa kawaida hautoshi kumsafisha mtu mwenye historia nzito. Brugada hujificha na kujitokeza. Ukishukiwa, vibandiko viwili vya kifuani husogezwa juu kwa nafasi moja au mbili za mbavu, na ECG hurudiwa siku mgonjwa ana homa. Huenda ukaambiwa uvae mashine ndogo ya kurekodi mapigo saa 24, au ukimbie kwenye mashine. Omba nakala ya kila mchoro, au upige picha. Ndugu yako wa Mwanza akipimwa, daktari wake atataka kulinganisha.

Wataalamu wa umeme wa moyo ni wachache katika ukanda wetu, lakini wapo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam ndani ya Muhimbili, Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, na Nairobi zipo hospitali kubwa za rufaa za umma na za binafsi. Anza na hospitali ya mkoa au ya kaunti ili upate ECG na barua ya rufaa. Kipimo cha jeni aghalabu huhitaji sampuli kupelekwa nje na gharama yake si ndogo. Si cha lazima ili kuanza matibabu. Kwa QT ndefu iliyo wazi, jeni hupatikana kwa takriban wagonjwa watatu kati ya wanne. Kwa Brugada ni wachache kuliko hapo. Kipimo kisipoona kitu, ugonjwa haujafutika. Kikiona, faida yake kubwa ni kwa ndugu: wasio na jeni ile wanaachwa huru.

Kuishi nao

Dawa ya msingi kwa QT ndefu na CPVT ni jamii ya propranolo. Ni ya zamani, si ghali, na inapatikana. Humezwa kila siku, hata mwezi ambao hujazirai, na haikatwi ghafla. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa. Wale ambao moyo ulishawahi kusimama, au wanaoendelea kuzirai na dawa wanameza, hufikiriwa kuwekewa kifaa cha kushtua moyo chini ya ngozi. Bei yake ni ya mamilioni ya shilingi, na hapo ndipo bima, harambee na ustawi wa jamii wa hospitali huingia. Usigawane dawa na ndugu. Kwinidini, dawa inayotokana na gome lilelile la mti wa kwinini, hutumiwa na baadhi ya wagonjwa wa Brugada, na inaweza kumuua mwenye QT ndefu.

Hili la dawa ndilo ningetaka ulisome mara mbili, kwa sababu kwetu dawa hununuliwa dukani kama sukari. Dawa nyingi za kawaida hurefusha QT. Zimo erithromaisini, klarithromaisini na azithromaisini. Siprofloksasini na ndugu zake. Flukonazoli ya fangasi. Domperidoni na ondansetroni za kutapika. Haloperido na amitriptilini. Bedakuilini ya kifua kikuu sugu. Mwenye QT ndefu aandike jina la ugonjwa wake kwenye kadi, atembee nayo pochini, na kila mfamasia aione kabla ya kuuza. Ipo orodha ya bure mtandaoni iitwayo CredibleMeds, inayosasishwa na wataalamu; daktari wako anaweza kuifungua kwenye simu mbele yako.

Na malaria? Hapa pana utata wa kweli. Kwinini na klorokwini hurefusha QT, piperakwini pia, na watengenezaji wa dawa mseto ya artemetha na lumefantrini wanatahadharisha isitumiwe na mwenye QT ndefu ya kuzaliwa. Lakini malaria nayo inaua, tena upesi. Usikatae matibabu. Nenda hospitali yenye ECG, sema ugonjwa wako, na daktari achague dawa na akufuatilie. Kwa malaria kali, sindano ya artesuneti ndiyo inayopendekezwa siku hizi mbele ya kwinini, na kwa wagonjwa hawa hiyo ni nafuu kubwa. Halafu kinga ina thamani mara mbili kwao: chandarua kila usiku.

Mwenye Brugada asiiache homa ipande. Meza parasetamo inapoanza tu, pima malaria mapema, na ukizirai ukiwa na homa nenda hospitali hata kama ni usiku. Pombe nyingi humdhuru. Kuhara na kutapika humaliza potasiamu na magnesiamu mwilini, jambo la hatari kwa mwenye QT ndefu. Anza maji ya chumvi na sukari ya pakiti mara moja.

Michezo haikatazwi kwa kila mtu, lakini ruhusa itoke kwa mtaalamu wa moyo. Kuogelea peke yake kukome, ziwani, baharini na kwenye bwawa la hoteli. Kwa mwenye aina ya pili ya QT ndefu, simu iliyo kando ya kitanda iwe kimya na watu wa nyumbani wamwamshe taratibu. Mwanamke wa aina hiyohiyo yuko hatarini zaidi katika miezi tisa baada ya kujifungua kuliko wakati wa mimba yenyewe. Awaambie kliniki mapema, na asiache propranolo bila ya daktari kusema.

Akianguka mbele yako

Mwite na umtikise. Kama haitikii na hapumui kawaida, moyo umesimama. Kuhema kwa kushtukashtuka kama samaki aliyetolewa majini si kupumua. Usimmwagie maji, usimtie kijiko mdomoni, usimnusishe kitunguu. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja viwili vilivyopandana katikati ya kifua, ukandamize kwenda chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kinyanyuke kila mara. Mwingine atafute gari au ambulensi, na mashine ya kushtua moyo kama ipo uwanjani, hotelini au uwanja wa ndege. Ikiwashwa hutoa maelekezo yenyewe. Mkichoka, pokezaneni. Fabrice Muamba, mchezaji mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani jijini London mwezi Machi 2012, na moyo wake haukufanya kazi kwa dakika 78. Yuko hai kwa sababu waliokuwepo hawakuacha kukandamiza kifua chake na kumshtua.

Kama kwenye ukoo wako yumo aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40 na hamkuambiwa sababu, nenda ukapimwe ECG wiki hii, na uwachukue watoto na wadogo zako.